Namba Isiyo na Herufi ya Mwisho

Leo naomba tuweke programu kando kidogo (kidogo tu, msikimbie!) tuongee kuhusu magari ya kale. Wanaonijua wanajua kwamba nikiwa ndani ya matatu, macho yangu huwa dirishani yakisoma namba za magari.

Kwa nini namba? Mfumo tunaotumia hapa Kenya, yaani herufi tatu, tarakimu tatu, kisha herufi moja mwishoni, ulianza mwaka 1989. Kabla ya hapo ile herufi ya mwisho haikuwapo. Basi ukiona gari ambalo namba yake inaishia kwenye tarakimu, ujue lilisajiliwa kabla ya mwaka huo. Kwa mtu anayeandika programu hiyo ni raha tupu: sharti moja tu na umeshachuja barabara nzima. Tena sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari kuukuu lililozidi miaka minane. Kwa hiyo magari haya mengi yamezeekea hapa hapa, na kila moja lina watu wanaolikumbuka.

Nenda kwenye mashindano ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse uone. Mtu husimama karibu na gari la mwenzake, na baada ya dakika mbili wanaongea kama ndugu. Hapo ndipo utasikia kwamba Volkswagen Beetle za zamani hazikuwa na geji ya mafuta. Injini ikianza kukohoa, dereva alifungua akiba kwa kusukuma kijiti kwa mguu! Za baadaye zilipata geji, lakini maji ya kuoshea kioo yalisukumwa na upepo wa tairi la akiba. Ukinyunyiza sana, tairi linapungua upepo. Sisi tungeita hiyo hitilafu. Wao waliiona ni njia rahisi ya kutoongeza pampu. Na je, mnajua kwa nini Porsche 911 haiitwi 901? Ilikuwa iitwe hivyo, lakini mwaka 1964 Peugeot walilalamika kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yao.

Peugeot ndilo gari langu hasa. 504 ilitoka mwaka 1968, na Safari Rally iliishinda mara mbili: 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Lakini wengi wetu hatukuijua kwa mashindano. Tuliijua kwa ile ndefu, Familiale, yenye safu tatu za viti na gia kwenye usukani, iliyobeba abiria wa safari ndefu kabla ya Nissan kuja. Marehemu babu yangu alikuwa nayo. Alipeleka watu Nairobi kutoka Nakuru, kilomita kama 160, na karo ya baba yangu na wadogo zake ilitoka kwenye viti vile.

Sasa gari hilo limekaa chini ya mwembe kwa miaka mingi. Baba mdogo anataka kujenga vyumba vya kupangisha mahali pale, na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakuja kulitazama. Atalipima kwa kilo. Simlaumu baba mdogo. Vyumba vitalipa kodi kila mwezi. Gari halilipi chochote.

Nilimwita fundi aliyekuwa akilitengeneza enzi za babu, mzee aliyepita miaka sabini. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaleta betri yake. Lilipowaka, alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye injini na mpini sikioni. "Kijana," akaniambia, "valvu zinataka kurekebishwa. Injini yenyewe ni nzima." Nikamuuliza, "Mzee, umejuaje?" Akacheka. "Inasema."

Gari la kisasa unachomeka kifaa, kinakupa msimbo wa hitilafu. Gari hili halina kompyuta ya kuulizwa. Kumbukumbu zake zote zimo ndani ya sikio la mzee mmoja, na hazina nakala. Sisi kazini hatulali mpaka tuwe na nakala ya data, lakini ujuzi kama huu tunauacha uzeeke na mwenyewe.

Nimewaambia wazee wa nyumbani kwamba nitawalipa bei ya chuma pamoja na nyongeza, kila mmoja apate fungu lake. Pesa hizo nilikuwa naziweka kwa ajili ya ploti, na mama hajafurahi. Anasema gari haliotesheki mahindi. Ni kweli. Baba mdogo amenipa mpaka mwisho wa mwaka niliondoe, la sivyo mizani itakuja.

Kwa hiyo kila Jumamosi niko huko na kinasa sauti na daftari. Mzee anasikiliza injini, ananieleza, mimi naandika: mlio huu ni valvu, ule ni mnyororo, huu ni mafuta mengi mno. Kufikia sasa nina milio kumi na minne. Spea nazitafuta Kirinyaga Road, na ya kwanza kwenye orodha ni pampu ya breki. Likipata breki, litaondoka pale chini ya mwembe kwa nguvu zake lenyewe.