Kadi ya Mwanagenzi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangebahatika kuingia katika ukumbi mmoja wa askari wastaafu, viungani mwa jiji la Columbus, jimboni Ohio nchini Marekani, asubuhi ya Jumamosi moja ya Februari 2025, huenda msemo huo wangeutia kiraka. Mle ndani chema na kibaya vilikuwa vimelazwa bega kwa bega juu ya meza za kukunjwa, vyote vikijitembeza, na mwenye macho ndiye aliyeachiwa kazi ya kutenganisha pumba na mchele.

Yalikuwa maonyesho madogo ya kadi za wachezaji: meza thelathini hivi, birika la kahawa, na mama mmoja mlangoni aliyepokea dola 2 kwa kila mtu mzima na kumgonga muhuri mgongoni mwa kiganja. Watoto waliingia bure. Wengi wa wachuuzi walikuwa wazee wenye miwani iliyoteremka puani, watu ambao ungedhani wamekuja kuonana wao kwa wao na biashara ni kisingizio tu.

Miongoni mwa waliogongwa muhuri alikuwamo Mkenya mmoja, mzaliwa wa Kakamega, ambaye tangu ahamie nchi hiyo mwaka 2005 amekuwa akihudumu katika makao ya wazee. Utotoni alikusanya vizibo vya soda, akavipanga kwa rangi chini ya kitanda, na maradhi hayo ya kukusanya hayakumwacha ukubwani. Kando yake alikuwa mwanawe wa miaka 11, mzaliwa wa Ohio, aliyebeba begi mgongoni. Ndani ya begi mlikuwa na albamu.

Huenda msomaji hajapata kuitia machoni bidhaa yenyewe. Kadi hizi ni vipande vya karatasi ngumu, takriban sentimita 6 kwa 9, mbele pana picha ya mchezaji na nyuma takwimu zake. Zamani zilitiwa katika pakiti za sigara, baadaye zikaandamana na chingamu. Vitu vya kutupwa, kwa hakika, na vikatupwa kweli: mwaka 1960 kampuni ya Topps ilizamisha baharini shehena ya kadi zake za 1952 zilizokosa wanunuzi. Mwaka 2022 kadi moja ya mkupuo huo, yenye picha ya Mickey Mantle, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Kisa hicho kila mchuuzi anakijua, na kila mchuuzi hukisimulia kana kwamba ni yeye aliyesimama ufuoni. Kilichozaliwa na tamaa hiyo ni gharika. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini na mwanzo wa tisini, kampuni zilichapa kadi kwa wingi usiomithilika, watu wakazihifadhi kwa matumaini, na leo zimejaa katika masanduku ya kadibodi yaliyoandikwa "dola moja".

Sanduku la namna hiyo ndilo lililomleta yule baba. Albamu yake ilikuwa na ukurasa mmoja aliouenzi kuliko kurasa nyingine zote, ukurasa wa mifuko tisa, na kanuni ya kuingia humo ilikuwa moja: mchezaji wa mpira wa kikapu awe amezaliwa barani Afrika. Kadi iwe ya mwanzoni mwa uchezaji wake, ile ambayo baba, kwa kutoridhika na neno la Kiingereza, aliiita kadi ya mwanagenzi. Walikuwamo Manute Bol, Luol Deng, Serge Ibaka, Joel Embiid na wengineo, na chini ya kila mfuko palikuwa na kikaratasi cha jina la nchi kwa mwandiko wake. Giannis Antetokounmpo, mzaliwa wa Athens kwa wazazi wa Kinijeria, alibisha hodi mara kadhaa, akanyimwa nafasi. Kanuni ni kanuni.

Mfuko mmoja ulikuwa mtupu, nao ulikuwa wa Dikembe Mutombo. Mtu angeuliza, na kwa haki, mbona kadi ya dola moja imkosekanie mtu miaka yote hiyo? Jibu ni kwamba rahisi haina haraka. Mutombo alikuwa katika kila sanduku, kila ukumbi, kila mwaka, na dola ikaenda kwingine. Yule baba alikuwa mvulana alipoiona, katika gazeti kuukuu lililoletwa na mjomba, picha ya Mei 1994: Mutombo yuko chali sakafuni, ameushika mpira kwa mikono miwili juu ya uso wake, baada ya Denver iliyoingia ikiwa ya nane kuing'oa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Baadaye akajifunza mengine: kwamba jitu hilo liliingia Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 likiwa na azma ya kuwa daktari, likahitimu katika isimu na diplomasia, kisha likajenga hospitali mjini Kinshasa na kuipa jina la mamake. Mutombo alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 58, yule baba aliufungua ukurasa wake na kuona haya.

Basi akainama juu ya sanduku, na mtu akiinama juu ya sanduku la kadi elfu mbili haoni jingine. Mwanawe akapotelea ukumbini.

Aliporudi, baba alikuwa na Mutombo mkononi na mwana alikuwa na kadi inayometa kama kioo.

"Umeitoa wapi?"

Mtoto alijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo ada yake, kwamba amebadilishana. Mwenzake alikuwa kijana wa miaka 15 hivi mwenye sanduku la bati la kubebea kadi. Akatoa nini? Akatoa ile nyekundu, ya zamani, ambayo hata jina limeandikwa vibaya.

Baba hakuhitaji kuifungua albamu. Iliyoondoka ilikuwa kadi ya Fleer ya mwaka 1986, namba 82, yenye kingo nyekundu, nyeupe na buluu ambazo huchubuka hata kwa kutazamwa. Aliinunua mwaka 2006 kwa mshahara wa zamu za usiku. Ndiyo, imeandikwa "Akeem" Olajuwon, kwa kuwa hadi mwaka 1991 Mnijeria huyo aliandika hivyo, kisha akairudisha herufi aliyostahili: Hakeem, jina litokanalo na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa hekima na hakimu. Somo hilo la etimolojia baba alipata kulitoa garini mara nyingi. Halikushika.

Katika maonyesho haya mabadilishano yakishaafikiwa yameafikiwa. Hakuna hakimu wala rufani. Isitoshe, yule kijana alikwisha kuiuza kadi kwa mchuuzi wa meza ya mlangoni. Huko iliwekwa katika ala ya plastiki na kubandikwa bei: dola 120. Wachuuzi huangalia simuni bei ya mauzo ya karibuni, wakalipa sehemu yake, na tofauti ndiyo riziki yao. Si wizi. Lakini jaribu kumweleza hayo mtu anayeitazama mali yake ikiuzwa mbele yake.

Mzee wa meza ile alisikiliza kisa chote. Aliivua miwani, akamtazama mtoto, akaivaa tena.

"Themanini," alisema. "Nimeinunua sabini."

Baba alihesabu noti nne za dola ishirini na kuziweka mezani. Hapo ndipo mtoto aliposema, huku anaitazama sakafu, kwamba yeye alidhani anasaidia. Kadi yake ilikuwa ya Victor Wembanyama, tena ya mwanagenzi. Si Baba alisema ukurasa ni wa Waafrika? Baba yake Wembanyama ana asili ya Kongo.

"Lakini yeye mwenyewe alizaliwa wapi?"

"Ufaransa."

"Basi."

Mtoto alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa Kiswahili, lugha ambayo huielewa vyema na kuisema kwa nadra kama mtu anayetumia akiba:

"Na mimi je?"

Mzee wa meza hakuyaelewa maneno hayo, ila aliacha kuzigusa zile noti. Baba alisimama pale muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe cha kahawa. Kisha akazikunja noti zake, moja moja, akazirudisha mfukoni, akamshukuru mzee, akaenda kulipa dola moja ya Mutombo.

Mtu asije akadhani hakuumia. Walisafiri maili nyingi bila neno, theluji ikigonga kioo, na kwenye kituo cha mafuta alimwagiza mtoto asiguse begi.

Usiku, baada ya chakula, aliifungua albamu mezani. Mutombo akaingia mahali pake, na chini yake baba akaandika Kongo, ingawa mwaka 1991 kadi ilipochapwa nchi hiyo ilikuwa ikiitwa Zaire. Hakuwa mgeni wa masahihisho hayo: chini ya Bol na Deng neno Sudan lilikuwa na nyongeza ya wino tofauti, "Kusini", iliyoandikwa Julai 2011. Mfuko wa Olajuwon ulibaki wazi, na kikaratasi cha Nijeria bado kimo.

Baba alikichomoa, akakata kipya, akakisukuma pamoja na kalamu hadi upande wa pili wa meza. Mtoto aliandika Kongo. Akatafakari, kisha akauliza Ufaransa huandikwa kwa herufi ngapi, na kama zitatosha katika nafasi iliyosalia.