Salt Lake City: Mji ambako kuacha kanisa ni kuacha mtaa mzima

Katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah nchini Marekani, hata anwani ya nyumba huanzia hekaluni. Mitaa imepewa namba kwa kuhesabu kutoka kwenye kona ya kiwanja cha hekalu la Wamormoni. Anayeishi 900 Kusini anajua kwamba yuko mitaa tisa kusini mwa hekalu, hata kama hajakanyaga kanisani kwa miaka kumi.

Mji huu ulianzishwa Julai 1847 na Brigham Young na wafuasi waliokimbia mateso baada ya mwanzilishi wa dini yao, Joseph Smith, kuuawa mwaka 1844. Hekalu lilijengwa kwa miaka 40, kuanzia 1853 hadi 1893. Jina rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Afrika Mashariki wengi wanalijua kupitia vijana wa mashati meupe wanaotembea wawili wawili, na mwaka 2025 lilifungua hekalu jijini Nairobi.

Chakula mlangoni

Ili kuelewa kwa nini kuondoka kunauma, tazama maisha ya mtaani. Waumini hugawanywa katika kata kulingana na mahali wanapoishi. Askofu wa kata hana mshahara. Ni jirani tu, labda mwalimu au fundi. Mama akijifungua, akina mama wa kata huleta chakula mlangoni. Kukiwa na msiba, huja na sinia la viazi vilivyookwa kwa jibini, ambavyo Utah nzima huviita viazi vya mazishi. Jumatatu jioni ni ya familia kukaa pamoja nyumbani.

Kwa hiyo anayeacha imani hapa hapotezi ibada ya Jumapili peke yake. Hupoteza wale wanaobisha hodi wakiwa na sufuria mkononi. Watoto wake huenda wasialikwe tena kwenye michezo ya wenzao. Na kwa kuwa kanisa hufundisha kwamba familia zilizounganishwa hekaluni zitakuwa pamoja milele, mama mzazi humwona mwanawe anayeondoka kama kiti kitakachobaki kitupu mbinguni. Machozi ya mama huyo ni ya kweli, sawa na ya mwanawe.

Harusi ndiyo hukata zaidi. Anayeingia hekaluni ni muumini mwenye kibali tu. Mzazi aliyejitoa hubaki nje, akingoja bintiye atoke akiwa mke wa mtu. Zamani, wachumba wa Marekani waliofunga kwanza ndoa ya kiserikali ili ndugu wote wahudhurie walilazimika kusubiri mwaka mmoja kabla ya kuunganishwa hekaluni. Mwaka 2019 kanisa liliondoa sharti hilo, na familia nyingi zilishusha pumzi.

Kikombe cha kwanza

Uponyaji nao una mahali pake mjini. Wengi huanzia mkahawani. Waumini hawanywi kahawa wala chai ya majani, na kwa mtu mzima wa miaka 40 kikombe cha kwanza huwa jambo la kutetemesha mkono. Msomaji wa Mombasa au Unguja, aliyezoea kahawa ya barazani, anaweza kucheka. Lakini kazi ya kikombe hicho ni ileile ya barazani: kuwakutanisha watu wanaoelewana bila maelezo marefu.

Wengine walianza kwa kusikiliza. Podikasti ya Mormon Stories, iliyoanzishwa na John Dehlin mwaka 2005, imewapa waumini na waliojitoa nafasi ya kusimulia safari zao kwa saa nyingi. Dehlin mwenyewe alitengwa na kanisa mwaka 2015. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, mamia ya watu walikusanyika katika bustani ya City Creek, karibu na hekalu, kutia saini barua za kujitoa. Walipinga agizo lililozuia watoto wanaolelewa na wazazi wa jinsia moja kubatizwa hadi wafike miaka 18. Agizo hilo liliondolewa mwaka 2019.

Utah ina pia washauri nasaha waliobobea katika maumivu haya. Mara nyingi kazi yao ni na wanandoa ambao mmoja ameacha imani na mwenzake amebaki. Maswali huwa ya nyumbani kabisa: Je, zaka ya asilimia kumi itatoka kwenye mshahara wa nani? Mtoto akifika miaka minane, umri wa kubatizwa, nani ataamua? Wanaofanikiwa huyajibu moja moja, bila kumbeza aliyebaki wala kumtisha aliyeondoka.

Jina halifutiki kwenye ukoo

Magharibi mwa kiwanja cha hekalu kuna maktaba ya nasaba ya FamilySearch. Ni mali ya kanisa, lakini hupokea kila mtu bila malipo. Aliyeondoa jina lake kwenye kumbukumbu za kanisa anaweza kuingia na kutafuta habari za bibi wa bibi yake, aliyevuka nyika akivuta mkokoteni. Pale haulizwi kama bado anasali.

Mzazi, huenda hujawahi kukutana na Mmormoni. Lakini mtoto anayebadili imani, dhehebu au kuacha kabisa yupo katika koo nyingi, na swali lake la kwanza huwa moja: bado nina nafasi mezani? Mengine mnaweza kubishana kwa miaka. Hilo lijibu leo, na jioni umwekee sahani yake.