Nauli ya Bongo nimeila Msalato

MSOMAJI wangu, safu ya wiki hii ilikuwa itoke Bongo. Nilishapanga kila kitu: mihogo ya Coco Beach, muziki mpaka majogoo, halafu Jumatatu nirudi Dodoma natembea kwa mapozi kama mtu aliyetoka Ulaya. Badala yake naandika haya nikiwa Chang'ombe, na shati bado linanuka moshi wa mbuzi. Tena siyo Chang'ombe ile ya Temeke. Ni hii yetu ya Dodoma, yenye vumbi lake.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa Agosti. Mfukoni nilikuwa na sh. 90,000, malipo ya vijimakala vyangu pamoja na kibarua cha kupaka rangi chumba cha jirani. Mshikaji wangu mmoja alikuwa amenishikia bango wiki nzima: “Twende Bongo tukatanue bwana, Dodoma kuna nini?” Nikapiga hesabu. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dar hadi hapa mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida iliwekwa sh. 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000. Ya kutanua inabaki 28,000. Yaani nalipa elfu sitini na mbili ili nikale elfu ishirini na nane! Lakini kijana akishasema Bongo, hesabu haimsaidii. Nikasema poa, kesho alfajiri tukutane stesheni.

Jioni hiyo nikapita kichochoroni kwa mama ntilie wangu, pale chini ya mwarobaini. Sikwenda kula. Nilikuwa napita, na kusema ukweli nilitaka kupita haraka. Akaniona.

“Mwanangu, ndiyo unapita hivyo hivyo, hata salamu hakuna?”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umeadimika kama mvua ya kwetu.”

Nikacheka, ila kile kicheko cha mtu mwenye kesi.

Ngoja nikueleze kesi yenyewe. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yalikuja ya kuficha chini ya godoro. Nikazunguka mji huu mwaka mzima kutafuta kibarua. Mchana nilikuwa nakula kwa mama huyu, kwa mkopo. Ana daftari lake la mistari, kila sahani anaiandika, basi. Hakuwahi kunipigia kelele mbele za watu hata siku moja. Nilipoanza kupata vijisenti nikapunguza punguza, halafu nikajiona nimekua. Nikahamia kwenye chipsi za mjini, kule kwenye taa za rangi na spika kubwa. Deni likabaki daftarini: sh. 18,500. Mwaka na miezi kadhaa.

Siku hiyo wala hakunidai. Alinipa kigoda, akaniambia habari nyingine. Mwenye kiwanja kapata watu wanaokitaka. Wateja nao wamepungua, sufuria inarudi nyumbani na ugali. Anafikiria kufunga, arudi zake kijijini Bahi.

“Ninyi vijana wa hapa hapa mkihamia mjini, mimi nampikia nani?” akaniuliza.

Msomaji, swali hilo halikuwa na ukali wowote. Ndiyo maana liliniuma.

Unaujua mji wetu ulivyo sasa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, ukakaa kwenye makaratasi miaka mingi, mpaka Rais Magufuli alipoamuru mwaka 2016 kwamba Serikali ihamie kweli. Aprili 2018 tukaitwa jiji. Ni mambo mazuri, sikatai, hata mimi vibarua vya kupaka rangi navipata kwa sababu hiyo. Ila siku hizi kila kipande cha ardhi kina mtu anayekipigia hesabu, na mwarobaini wa mama ntilie hauna hati. Kitu pekee kinachomweka pale ni wateja. Na mteja mmojawapo alikuwa njiani kwenda kula mihogo kilomita mia nne na zaidi kutoka hapo.

Nikatoa noti, nikalipa zote 18,500. Akalamba kidole, akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jina langu. Zilibaki 71,500. Toa nauli, ningefika Bongo na sh. 9,500 za kutanua. Huko siyo kutanua, huko ni kwenda kutazama wenzako wanavyotafuna. Nikampigia simu mshikaji: “Tangulia tu.” Akanicheka mpaka simu ikakwaruza.

Nikaagiza sahani, sh. 2,500. Ugali wa uwele na mlenda. Mtu wa pwani akiuona ugali ule wa kijivu anadhani umeungua. Hajui. Huku mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 500 hadi 600. Mahindi yakinyauka, uwele na mtama vinasimama. Mlenda nao unachumwa mvua zikiwapo, unaanikwa, unatwangwa, unawekwa akiba. Mwezi wa nane kila kitu kimekauka, lakini wewe unakula mboga ya majani iliyotiwa karanga, inavutika kutoka sahani hadi mdomoni. Usiniambie hiyo siyo akili ya watu wakubwa.

Jumamosi nikaamka bila treni. Nikajiuliza: kama ningekuwa mgeni niliyeshuka Dodoma leo, ningekwenda wapi?

Nikaanzia soko la Sabasaba. Supu na chapati mbili, sh. 3,500, upepo wa Agosti unapiga mpaka unashika bakuli kwa mikono miwili. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana asubuhi za kiangazi unaona watu na makoti. Halafu nikaingia kwenye zabibu. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu mmojawapo ndio huu wa mwezi wa nane na wa tisa. Zile nyeusi, zimeshonana kwenye kichala kama watu kwenye daladala la saa kumi na mbili. Dada muuzaji akanionjesha moja, nikaonja tatu, akanitazama, nikanunua. Na kifuko cha ubuyu juu. Jumla sh. 4,000. Kule Bongo ubuyu wanautia rangi nyekundu na sukari mpaka unasahau ni tunda la mti. Huu wa kwetu ni mweupe, mchachu, unakukunja uso.

Saa tano nikadandia daladala la Msalato. Nauli kwenda na kurudi sh. 2,000, linganisha mwenyewe. Msalato iko njia ya Kondoa, zaidi kidogo ya kilomita kumi kutoka katikati ya mji, na Jumamosi ndiyo siku ya mnada. Nimezaliwa mkoa huu, lakini mara ya mwisho kufika mnadani nilikuwa nimeshikwa mkono na baba.

Unashuka tu, vumbi linakupokea kama mwenyeji. Ng'ombe huku, mbuzi kule, mitumba imemwagwa chini, sufuria, kandambili, dawa za mitishamba. Wazee na fimbo zao, migolole mabegani, wanamtazama ng'ombe kwa robo saa bila kusema neno. Vijana wa mjini tuna haraka. Mzee wa Kigogo anayenunua ng'ombe hana haraka.

Mmoja akanisalimia, “Mbukwa!” Nikaitikia kwa kugugumia. Akaniuliza kabila langu, nikamwambia Mgogo. Akatikisa kichwa. “Mjukuu wangu, Mgogo gani unaitikia kama mtalii?” Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila lilinipata. Ndipo akaniuliza kama najua jina la mji wangu. Hilo nalijua, nikamsimulia: tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akadidimia kwenye tope, watu wakasema idodomya, amezama. Akaridhika kidogo. Akanionyesha kijana mmoja aliyekaa kwenye gogo anapiga zeze, hana hata kopo la kuombea. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizunguka nchi za Ulaya na zeze na ilimba za Kigogo, wazungu wakalipa viingilio. Sisi tunampita mpiga zeze bure, tunawahi treni ya kwenda kusikiliza spika.

Sasa nyama. Wachomaji wa Msalato hawana mambo ya menyu. Unachagua kipande kimening'inia, kinapimwa mbele yako, kinachomwa unakiona. Nilichukua nusu kilo ya mbuzi na ndizi mbili za kuchoma, na soda, sh. 9,500. Chumvi, pilipili, kachumbari pembeni. Hakuna uma. Benchi lina watu sita wasiojuana, baada ya dakika kumi mnajuana. Mmoja alikuwa karani ofisini, alihamia na wizara yake kutoka Dar. Akaniambia mwaka wa kwanza alikuwa anarudi Dar kila mwisho wa wiki, akimaliza mshahara barabarani. “Siku hizi,” akasema, “mwisho wa wiki mimi niko hapa hapa, kaka.” Mgeni kaujua mji wangu kabla yangu!

Jioni nikamalizia Nyerere Square, kahawa na kashata, sh. 1,000. Watoto wanakimbizana, wapenzi wamekaa mbali mbali wakijifanya hawajuani, baridi inashuka taratibu. Nikapiga hesabu. Kutwa nzima nimetumia sh. 20,000, tumbo limejaa, na nimelala kitandani kwangu.

Jumapili saa tisa simu ikalia. Mshikaji, kutoka Bongo. Sauti imepungua.

“Mzee, unaendeleaje?”

“Salama. Vipi, mihogo?”

“Achana na mihogo. Nitumie nauli, nimekwama.”

Rafiki ni rafiki. Nilikuwa na 49,000, nikamtumia 31,000 kwenye simu. Kwa hiyo nauli ya Bongo ya kurudi nimelipa kweli, ila hakupanda mtu wa kwangu!

Zimebaki 18,000. Kwa sahani za sh. 2,500 hiyo ni wiki nzima ya mlenda, tena kwa fedha taslimu, na chenji ya mia tano. Jana nilimkuta mama amepika sufuria kubwa kidogo. Kufunga hajafunga. Hajasema hatafunga, na mimi sikumuuliza. Mshikaji alifika na njaa yake, akakaa kigoda cha pili, akanyosha kidole kwenye daftari: “Mama, na mimi niandike.”

Mama akanitazama mimi kwanza. Nikamwambia, “Mwandike, mama. Ila mwambie ukweli: ukiandikwa hapa, unahama mtaa huu kwa ruhusa.”

Msomaji wangu, na wewe una mwarobaini wako hapo mtaani. Pita leo, kabla hujakata tiketi. Tukutane wiki ijayo.