Kibebacho na Kitulizacho

Katika gari la mizigo kuna vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya, navyo ni springi na shokapu. Mwulize mpita njia kazi ya shokapu, naye atakujibu kwamba ndiyo inayobeba gari. Sivyo. Springi ndiyo ibebayo. Shokapu haibebi hata debe moja la viazi. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kupokea pigo. Nimekuwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa nimeipita miaka sabini. Naona kuwa tofauti hii ndogo yafaa ifikiriwe hata na mtu asiyemiliki baiskeli.

Pikapu yangu ni Land Cruiser ya dizeli, ya aina ya HZJ79 iliyoanza kuundwa mwaka 1999. Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa kiinua mgongo changu. Injini yake ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164; ni chuma kizito, na uzito huo umekaa mbele. Kwa hiyo hata pikapu ikiwa tupu, ekseli ya mbele haipumziki. Magunia hupakiwa na kushushwa, lakini injini haishushwi.

Kijiji chetu kiko milimani, wilayani Ludewa. Mchana pikapu hubeba viazi na maharage. Usiku hubeba wagonjwa, kwa kuwa hospitali iko mbali na gari la wagonjwa haliwezi kuwa kila mahali kwa wakati mmoja. Njia ni ya udongo. Masika ni utelezi, na kiangazi huota vituta vidogo vidogo vilivyopangana mfano wa bati la nyumba.

Mwaka jana niliona dalili tatu. Nikigusa breki kwenye mteremko, pikapu ilipiga magoti. Kwenye vituta usukani ulitetemeka mikononi. Nazo tairi za mbele zililika kwa mabaka, hapa pamelika, pale pamebaki. Hata hivyo dalili iliyonigusa zaidi niliisikia kwa mke wangu. Usiku mmoja tulimpeleka mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, na mke wangu alikaa naye akimwegemeza begani. Tulipofika nusu ya njia aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba, huyu anaumizwa na gari kuliko anavyoumizwa na uchungu." Yule mama alijifungua salama alfajiri. Lakini maneno yale hayakunitoka.

Wakati huo huo alinijia mfanyabiashara mmoja wa viazi. "Shikamoo mwalimu," alisema, "tuongeze springi za nyuma, nami nitachangia nusu ya gharama. Gari lako litabeba lumbesa ishirini bila kulala." Lumbesa, kwa asiyeijua, ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba juu. Fedha niliyokuwa nayo ilitosha jambo moja tu, springi za nyuma au shokapu za mbele. Mwanangu aliyeko mjini aliposikia alinipigia simu. "Baba," alisema, "springi zitakuletea fedha, shokapu zitakula fedha."

Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Mtu wa pensheni huhesabu kila shilingi. Lakini nilimwuliza, "Mwanangu, ukimwongezea punda mzigo na miguu yake ya mbele inayumba, umemsaidia au umemwangusha?" Springi ngumu zaidi hurudisha pigo kwa nguvu zaidi, nayo hutaka kitu chenye nguvu zaidi cha kuituliza. Kuanza na springi ni kuongeza mzigo katika gari ambalo tayari halisimami vizuri. Nilimshukuru mfanyabiashara, nikampelekea fundi fedha ya shokapu.

Fundi wetu ni kijana, lakini ana jicho. Hakupoteza muda kukandamiza boneti kwa mikono, maana gari zito kama hili halibonyei kirahisi, nalo haliwezi kupimwa kama gari dogo la mjini. Alilala chini akaangalia. Shokapu za mbele zilikuwa zimetokwa na jasho la mafuta lililoshikana na vumbi. Alipozifungua alizisukuma kwa mkono. Moja ilikaza kidogo. Ya pili ilizama bila ubishi wowote.

Nilipokuwa darasani niliwakaririsha watoto kwamba nishati haipotei bali hubadilika umbo. Pale gereji niliona somo langu likiwa limelala juu ya gunia. Springi ikikandamizwa huhifadhi nishati, na ikiachiwa huirudisha. Isipotulizwa, gurudumu huruka badala ya kushika ardhi, na gurudumu lililo hewani halisikii breki wala usukani. Ndani ya shokapu kuna pistoni iliyozama katika mafuta. Ikisukumwa, mafuta hulazimika kupenya vitundu vyembamba, na hapo mruko wote hugeuka kuwa joto, nalo joto huchukuliwa na upepo. Tatizo la njia ya vituta ni kwamba haiipi shokapu nafasi ya kupumua. Mafuta huchemka, huchanganyika na hewa na kufanya povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana gari laweza kuanza safari vizuri, na baada ya saa moja likayumba kama mtumbwi.

Fundi alinipa njia mbili. Ya kwanza ni shokapu yenye bomba nene kuliko la awali, ili ichukue mafuta mengi yasiyopata moto upesi. Ya pili ni ile ya bomba moja lenye gesi ya naitrojeni iliyotengwa na mafuta, iliyobuniwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na ambayo kiwanda cha Bilstein cha Ujerumani kilianza kuiunda katika miaka ya 1950. Hii hupoa haraka na haifanyi povu kirahisi. Lakini bomba lake likigongwa na jiwe likabonyea, pistoni yaweza kukwama. Kwa njia yetu ya mawe nilichagua zile nene, zenye urefu ule ule wa awali, maana gari sikuliinua. Tulibadili zote mbili, kwa kuwa shokapu moja mpya na moja kuukuu ni kama ng'ombe wawili wasiolingana katika nira moja. Kabla ya kuzifunga, fundi alizisimamisha wima akazisukuma na kuzivuta mara kadhaa ili hewa itoke. Bushi za chini hakuzikaza mpaka magurudumu yalipokanyaga ardhi, zisije zikajipinda na kuchanika.

Gari halikuwa kitanda. Bado ni pikapu ya mizigo. Lakini breki zikishikwa pua haizami tena, na usukani umetulia. Gharama nayo niliiona. Mfanyabiashara alihamia kwa mwenye gari jingine, na msimu ule mapato yangu yalipungua. Paa la jiko, tulilokuwa tumekusudia kuliezeka upya, linangoja hadi leo. Mke wangu hajalitaja. Alipomsindikiza mama mwingine hospitalini, aliporudi alisema tu, "Leo amesinzia njiani."

Fundi alinifundisha jambo la mwisho. Ukitoka kwenye vituta, simamisha gari, kisha gusa bomba la shokapu kwa uangalifu. Likiwa na moto, linafanya kazi. Likiwa baridi ilhali mwenzake anaunguza, limekufa. Kwa hiyo joto si ugonjwa wake. Ni ushahidi wa kazi yake.

Tangu siku ile nawafikiria watu. Katika shule nilizoziongoza, wabebaji walijulikana: mwalimu mwenye vipindi vingi, mzazi aliyetoa mabati. Tuliwataja mkutanoni, tukawapigia makofi. Lakini palikuwa pia na mwalimu wa malezi ambaye ugomvi wa walimu ulifika kwake na kuishia kwake, na mpishi aliyejua mtoto gani amelia usiku. Hakuna aliyewahesabu, kwa sababu kazi yao ilionekana kwa kile ambacho hakikutokea. Walipohama, hatukujua kilichopungua. Tulijua tu kwamba pigo dogo sasa liliitikisa shule nzima wiki mbili.

Ndugu msomaji, katika nyumba yako yumo mtu wa namna hiyo. Maneno makali yakimfikia hayatoki tena yakiwa makali. Huenda jioni utamkuta ana joto: amechoka, jibu lake ni fupi, ataka kukaa peke yake kidogo. Usimwulize kwa nini amebadilika. Mpishe upepo, umwondolee pigo moja au mawili. Na siku utakapomgusa ukakuta amepoa kabisa, hana hasira wala neno, hapo usiseme kuwa nyumba imepata amani. Hapo ndipo pa kusimamisha gari.