Jina la Gundi

Mwaka jana mwenzangu mmoja, mwalimu wa utabibu, alinijia na ombi dogo. Alitaka neno la Kiswahili la kuziita zile seli za mfumo wa fahamu ambazo wataalamu huziita glia. Nilimjibu upesi, kwa majivuno ya mtu aliyezoea kuulizwa maneno, nikasema, “Ziite seli gundi.” Sikubahatisha. Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani aliyezipa jina hilo mwaka 1856, alidhani kuwa kazi yao ni kushikanisha tu, na glia katika Kiyunani maana yake ni gundi. Mwenzangu akatabasamu, akasema, “Ndugu yangu, jina hilo limezidhulumu seli hizi miaka mingi. Je, wataka kuiendeleza dhuluma kwa Kiswahili?”

Aliketi akanifundisha. Seli zipelekazo habari, yaani nyuroni, ndizo zilizopata sifa zote. Lakini nyuroni haiwezi kuishi peke yake. Astrosaiti, zenye umbo la nyota, husaidia kuilisha kutoka katika damu, na kuifagilia kemikali zinazobaki baada ya kila habari kupita. Mikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río-Hortega alizipambanua mwaka 1919, hushika zamu ya ulinzi na kula mabaki ya seli zilizokufa. Oligodendrosaiti huzivika nyuzi za ubongo na uti wa mgongo ala ya mafuta iitwayo mielini. Na katika mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, kazi hiyo hufanywa na seli za Schwann. Uzi uliovikwa vizuri huweza kupeleka habari kwa mwendo wa kufikia mita 100 kwa sekunde. Uzi mwembamba usiovikwa huenda kama mita moja tu. Hata idadi yao ilikosewa. Vitabu vilisema kuwa glia ni mara kumi ya nyuroni, mpaka hesabu ya watafiti wa Brazili, iliyotangazwa mwaka 2009, ilipoonyesha nyuroni kama bilioni 86, na seli nyingine zote za ubongo kama bilioni 85.

Alipokuwa akiondoka aliongeza neno moja lililonichoma. Alisema, “Seli za Schwann ndizo zinazoingiliwa na vimelea vya ukoma.”

Nilikuwa na mjomba aliyeugua ukoma. Mkono wake wa kulia ulikufa ganzi kabla sijazaliwa. Aliweza kuipua sufuria motoni bila kitambaa, nasi watoto tukamwona shujaa. Malengelenge yalipotoka, tulicheka. Wakubwa walisema ni laana. Siku moja ya sikukuu alinimegea mkate kwa mkono huo. Niliupokea kwa adabu, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikawatupia kuku. Nilipogeuka nilimwona amesimama mlangoni. Hakusema neno. Kesho yake alinimegea tena.

Vimelea vile viligunduliwa na Hansen wa Norwei mwaka 1873, mwaka ule ule Camillo Golgi wa Italia alipotangaza njia ya kuzitia seli za fahamu rangi nyeusi zipate kuonekana. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa mseto, na mgonjwa aliyekwisha kuianza huacha upesi kuambukiza. Mjomba alikuwa ameimaliza dawa hiyo kabla ya sikukuu ile. Vimelea vilikufa, ganzi ilibaki, kwa kuwa mishipa iliyopoteza walinzi wake ilikuwa imekwisha kuharibika. Mkate nilioutupa ulitoka katika mkono wa mtu aliyepona.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi. Wazee wangu walitazama ugonjwa wakauita laana. Mimi nilitazama kazi ya ulezi nikaiita gundi. Wao hawakusoma, mimi nina shahada. Tofauti yetu ni ipi, ikiwa sote tulitoa jina kabla ya kuuliza?

Nilimwandikia mwenzangu aziite seli walezi. Naye alikubali. Mjomba wangu hayupo tena, na samahani niliyokuwa nayo sina wa kumpa. Kwa hiyo naiweka hapa, mbele ya wasomaji ambao kazi yao, kama yangu, ni kuvipa vitu majina.