Kikapu cha Jumapili

Katika miaka ya mwanzo ya 1970, nilipokuwa mtoto, hapakuwa na habari njema zaidi nyumbani kwetu Buluo kuliko kuambiwa jioni ya Jumamosi kwamba kesho, baada ya ibada, tutakwenda Likasi kumzuru sahibu yake baba. Na ijapokuwa mji huo ulikwisha kubadilishwa jina tangu mwaka 1966, wazee wetu waliendelea kuuita Jadotville, kwa mazoea zaidi kuliko kwa mapenzi.

Mama alichukua kikapu cha matete, ndani yake mahindi mabichi matano au sita, maana si adabu kubisha hodi mikono mitupu. Lakini ilikuwa dhahiri kwetu sote kwamba kikapu kile kinakwenda kujazwa. Mwenyeji wetu alikuwa fundi wa mitambo wa Gécamines, kampuni ya shaba, maskani yake katika kambi ya wafanyakazi, katika nyumba ya matofali yenye bomba uani na taa ya umeme, na kila mwezi alipata posho ya unga na mafuta. Mkewe alitupokea mlangoni akipiga makofi taratibu, magoti ameyakunja kidogo, akimwambia mama, "Muko bazima, yaya?" naye mama akijibu, "Tuko bazima," na salamu hazikwisha mpaka jamaa wote, wazima kwa wagonjwa, wawe wametajwa.

Kabla ya chakula wanawake walikwenda sokoni Kikula, nami nikiwafuata nyuma. Hata leo naikumbuka harufu ya samaki waliokaushwa kwa moshi, walioletwa kutoka ziwa la Tshangalele, ziwa lililozaliwa pale mto Lufira ulipozibwa huko Mwadingusha ili kuvipatia umeme viwanda vya shaba, ambavyo vilianza kuupata mwaka 1930. Hivyo maji yaliyoiwasha taa ya mwenyeji wetu ndiyo pia yaliyotuwekea kitoweo kando ya bukari. Jioni tulirudi na unga, samaki na sabuni, na mama akijitwisha kikapu kwa taabu.

Miaka ilipita. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ukaporomoka. Na kufikia mwaka 1994 tani zenyewe zilikuwa takriban 30,000 tu. Sisi wa Buluo tuliitambua habari hiyo kwa uzito wa kikapu, maana sasa kilikuwa kizito wakati wa kwenda: sombe, mihogo, unga wa mahindi ya shamba letu, na nyuma ya baiskeli yangu gunia la makala, kwani ile taa ya kambini aghlabu haikuwaka.

Baina ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, maelfu yao wakalala kituoni Likasi wakingojea gari moshi, nyumba ya jirani wa wenyeji wetu ilibaki tupu. Jirani huyo, mwanamke aliyenilisha mara nyingi, alimwachia rafiki yake, mke wa fundi, kinu na mchi; nasi tulipofika tulikikuta uani, kimefunikwa kwa kitambaa, wala hakuna aliyetwanga humo. Sitaki kupamba neno hapa: ilikuwa dhuluma, na tuliiona kwa macho yetu.

Siku ile mke wa fundi aliupokea unga wetu kwa mikono miwili. Aliuhamishia chunguni, akakung'uta kikapu, akaingia ndani na kukawia kidogo. Aliporudi alikuwa ametia humo kipande cha sabuni, kilichokatwa kwa uzi, chenye ukubwa wa kidole gumba. Mama alikipokea kwa taadhima ileile aliyokuwa akipokea ratili za samaki. Naamini kwa moyo wote kwamba ziara zile za dhiki zilikuwa na heshima kubwa kuliko zile za neema, maana katika neema kutoa si kazi.

Wazee wetu wote wanne wamekwisha kufariki. Barabara ya Lubumbashi imejaa malori yaendayo Kasumbalesa, na pikipiki hutufikisha mjini upesi, lakini Jumapili bado twaenda, nikiwa na wajukuu wangu, kwa watoto wa fundi yule. Safari ya mwisho tuliwapelekea mahindi mabichi na mboga. Kikapu kilirudi na chumvi, robo kilo, iliyofungwa katika karatasi.