Siku ya gofu Entebbe

Mwaka 1988 sisi tuliofanya kazi ya kahawa Goma tuliijua barabara ya Uganda kuliko ile ya Kisangani. Arabika ya Kivu ilipakiwa kwenye malori, ikapita Rutshuru, ikavuka mpaka Bunagana, ikapanda milima ya Kisoro na Kabale hadi Kampala, na kutoka huko ikaelekea bandari ya Mombasa. Mimi na jirani yangu wa mtaa wa Himbi, hapo Goma, tulikuwa tukifuatilia karatasi za mzigo wa tajiri mmoja. Safari moja karatasi zikakwama Ijumaa, ikabidi tusubiri Jumatatu. Mwenzangu akaniambia, "Ndugu, kesho twende Entebbe. Kule kuna uwanja wa gofu nimeusikia tangu nikiwa mtoto. Sijauona kwa macho."

Yeye alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière kabla Mobutu hajaitaifisha ikaja kuwa Gécamines, na yeye utotoni aliwabebea Wabelgiji mifuko ya fimbo kwenye uwanja wa gofu wa mji ule. Mchezo alijifunza kwa kutazama, kisha kwa kupiga mipira iliyopotea vichakani, jioni, wenye uwanja wakisharudi makwao. Mimi sikuwa nimewahi kushika fimbo ya gofu.

Uwanja wa Entebbe ulianzishwa mwaka 1901, na hakuna ulioutangulia Afrika Mashariki. Umelala kwenye mteremko kati ya mji na Ziwa Victoria, jirani na bustani kubwa ya mimea, kwa hiyo tumbili na ndege hawakosekani. Mzee mmoja aliyezoea kubeba mifuko pale akatutafutia fimbo chache. Kwanza alitujibu kwa mkato. Miaka ya Amin ilikuwa imewafanya Waganda wengi wakisikie Kiswahili kama lugha ya askari wa vizuizini, na sisi tulikuwa wageni tunaokizungumza kwa sauti kubwa. Mwenzangu akamwamkia kwa adabu, akamwita mzee, na badala ya kuuliza bei akamuuliza habari za nyasi. Toka hapo yule mzee hakunyamaza tena.

Nakumbuka hasa walivyosimama wawili kwenye kile kiduara cha nyasi fupi zinazozunguka shimo. Mwenzangu alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya majani, mara huku, mara kule. Macho yake yalikuwa yamezoea ardhi tambarare ya Lubumbashi. Mzee akamwambia, "Hapa kila mpira unataka kwenda ziwani. Hata ukiona pamelala sawa, ujue panateremka." Hakumwamini. Mpira ukatoka vizuri, ukakaribia shimo, kisha ukajipinda taratibu kuelekea majini ukapita. Shimo la gofu lina upana wa sentimita 10.8 tu. Shimo lililofuata alilenga juu kabisa, mahali ambapo mimi niliona kama amepofuka, na mpira ukateremka wenyewe ukaingia. Alicheka kwa sauti mpaka tumbili wakahama mti.

Mimi alinifundisha jambo moja ambalo sijalisahau: usijaribu kuunyanyua mpira, uso wa fimbo umeshatengenezwa kwa mshazari, wewe piga kuelekea chini na mpira utapanda wenyewe.

Lakini siandiki haya kwa ajili ya fimbo. Katika gofu aliye mbali zaidi na shimo ndiye hupiga kwanza, kisha wote mnatembea. Sehemu kubwa ya mchezo ni kutembea. Tulikuwa majirani kwa miaka, tumekula sombe na sambaza nyumbani kwa kila mmoja, na mazungumzo yetu yalikuwa ya kahawa, bei na ushuru. Siku ile, kati ya shimo moja na lingine, bila mimi kumuuliza, alinieleza kwa nini aliukimbia Shaba, mkoa wa kwao. Kaka yake alikuwa akifanya kazi Kolwezi, akafa katika vita vya Mei 1978. Alieleza akiwa anatazama mbele, anatembea, fimbo begani. Alipomaliza tulikuwa tumefika kwenye mpira wake, akapiga. Sidhani angeyasema tukiwa tumekaa kitini, tunatazamana.

Tuliporudi Himbi tukaendelea kutembea hivyo jioni, bila fimbo. Enzi zile iliwezekana. Parseli zilikuwa pana, uzio ulikuwa wa maua, na palikuwapo nafasi wazi za kushukia mpaka Ziwa Kivu. Kisha wakaja wakimbizi wa Rwanda Julai 1994, mamia ya maelfu kwa siku chache, na nyuma yao mashirika yaliyotafuta nyumba za kupanga. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikalipuka, lava ikakata katikati ya mji na kufika ziwani. Waliopoteza nyumba walihitaji pa kukaa, nani angewanyima? Parseli moja ikawa tatu, tatu zikawa saba. Uzio wa maua ukageuka ukuta wa mawe meusi, na ufukwe ukazibwa na hoteli na nyumba za wenye mali.

Najua uwanja wa gofu unakula ardhi nyingi kwa ajili ya watu wachache, na katika mji uliobanwa kati ya volkano na ziwa siwezi kuutetea. Ninachokitetea ni ardhi iliyoachwa wazi, ambapo watu wawili wanaweza kutembea bega kwa bega bila kununua chochote. Mwenzangu anaishi Kampala sasa na wanawe, miguu yake haimruhusu tena. Wenye mamlaka ya kugawa viwanja hapa Goma, popote penye nafasi iliyobaki Himbi, hata ndogo, inayofika majini, tafadhali msiiuze. Waachieni watoto wetu.